Moshi Tulioupita

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na wengine mmenifuata hadi shuleni mkijifanya mmekuja kuulizia habari za watoto wenu. Nyote mnataka kujua jambo moja: ilikuwaje Ndolo akatoka Kitengela Jumamosi akiimba, akarudi nyuma ya pikapu akiwa amefunikwa shuka. Nimechoka kusimulia kwa vipande, kila mtu nimpe chake halafu akakichanganye na uvumi wa stendi. Ndiyo maana nimeketi nikaandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi.

Sitaeleza tulivyopanga wala nani aliomba ruhusa kwa nani. Nitaanzia barabarani. Na nawaomba msikimbilie mwisho, kwa sababu mwisho mnaoujua nyinyi si mwisho wenyewe.

Kitengela hadi Isinya

Tulikuwa watatu. Ndolo mnamjua: fundi wa nguo aliyeweka cherehani yake kwenye veranda ya duka la mbao, mtu wa mizaha, mgonjwa wa pumu tangu utotoni. Ukikaa naye karibu ulisikia kifua chake kikipiga mluzi taratibu, naye alikuwa akisema hiyo ni redio yake, haihitaji betri. Lemayian anauza dawa za mifugo. Ni kijana mpole kupita kiasi, na ana mwaka mmoja tu tangu aoe. Mimi ni mwalimu wa watoto wenu, na hasira zangu mnazijua.

Tulikusudia kwenda Namanga na kurudi, siku nne, kwa blekimamba, zile baiskeli nzito za kubebea maziwa na mikate. Mvua za mwaka huu, zile zilizobomoa madaraja nchi nzima, zilikuwa zimetulia wiki moja. Jua likawaka, tukadhani zimekwisha. Ndolo ndiye aliyeitaka safari kuliko sisi sote. Maisha yake yote ameambiwa usikimbie, usibebe, usicheze mpira. Alitaka kufika mpakani kwa nguvu zake mwenyewe, halafu arudi akae kwenye cherehani yake na kulitaja jambo hilo kila siku hadi tumchoke.

Yeye ndiye aliyetushonea kaptura. Alikuwa ameona katika gazeti kuukuu picha ya waendesha baiskeli wa Ulaya, akatafuta mitumba kitambaa cheusi cha kuvutika, akashona tatu. Zilitubana hadi kila kitu tulichoumbwa nacho kikaonekana. Mimi nilivaa fulana ndefu juu yake. Lemayian alijitazama, akajigeuza, akajitazama tena.

"Ndolo, hii nguo ni ya mtu mzima kweli?"

"Hiyo ni ya kukata upepo," Ndolo akamjibu. "Wacha ushamba."

Kabla hatujaondoka, mkewe, Mama Mwende, alinivuta kando ya mlango.

"Mwalimu, wewe ndio mtu mzima hapo. Huyu akitania hakuna shida. Akinyamaza, ujue kifua kimefunga. Usimwache."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia hivyo huku nikikaza kamba ya keria, bila hata kumtazama usoni, na sasa hilo linaniumiza kuliko mambo mengine makubwa.

Hadi Isinya safari ilikuwa tamu. Tulipaki baiskeli mbele ya hoteli, tukaingia kutafuta chai na mandazi, na hapo wanawake waliokuwa wakiuza nyanya wakatuona. Mmoja alimziba mtoto wake macho kwa leso.

"Wazee wazima, mmesahau suruali nyumbani?"

"Mama, suruali ndio hii," Ndolo akasema. "Ni miguu imezidi."

Soko zima likacheka. Lemayian hakucheka. Alifungua keria, akatoa shuka yake nyekundu, akajifunga kiunoni, na hakuirudisha tena kwenye keria siku ile, hata Ndolo alipolalamika kwamba anaificha kazi ya fundi.

Isinya hadi Kajiado

Kipande hiki kilikula nusu ya siku yetu. Kwanza mwiba uliniingilia gurudumu la nyuma, kisha kiraka kikabanduka, kisha kikabanduka tena. Mzee mmoja mchungaji alisimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, akatuangalia tangu mwanzo hadi mwisho bila neno. Tulipomaliza akauliza gari letu limeharibikia wapi. Tulipomwambia hatuna gari, alisikitika, akatupa pole ya kuibiwa.

Mbele kidogo, pale ambapo hakuna chochote ila nyasi na migunga mifupi, Lemayian alifanya jambo la ajabu. Aliifungua shuka kiunoni, akajifunika kichwa chote, akainamia usukani, akaenda mbio kama anayefukuzwa. Tulimfikia mbali, amesimama anahema.

"Umeona polisi?" nikamuuliza.

"Hapana. Hapo nyuma ndio kwa mama ya Nasieku."

Nasieku ni mkewe. Niligeuka nikaona boma dogo, hatua mia mbili hivi kutoka lami, na njia ya ng'ombe ikielekea huko.

"Mama mkwe wako? Si ungemsalimia, tunywe maziwa!"

"Mwalimu, huwezi kuelewa. Mimi na yule mama hatuwezi kuonana tu hivi hivi. Siwezi kuingia nyumba yake. Tukikutana njiani, mmoja lazima atoke njia. Ni enkanyit. Ni heshima."

"Hata kwetu Ukambani wazee walikuwa hivyo," Ndolo akasema. "Babangu alikuwa akimwona mama mkwe sokoni, anaingia duka la karibu hata kama ni la sidiria."

Tukamtania Lemayian hadi Kajiado. Ndolo aliimba wimbo aliotunga palepale juu ya mkwe anayejificha ndani ya shuka. Jioni tulikula mbavu za mbuzi na ugali, na Ndolo akasema hajawahi kuchoka vizuri namna ile. Nimerudia maneno hayo kwa mjane wake, yalimfaa kidogo.

Kajiado, Jumapili asubuhi

Mama wa hoteli ndiye aliyetupa habari. Usiku mvua ilikuwa imenyesha upande wa Bisil, daraja limekwenda na maji, na mabasi ya Namanga yamegeuzwa. Alituwekea chapati na maharagwe, akasimama na birika mkononi.

"Sasa mtafanya nini?"

Ndolo alikizungusha kikombe chake mezani. Hatimaye akasema tutajaribu tena Agosti, na kwamba mpaka wenyewe hauhami. Tukaamua kurudi nyumbani.

"Ngojeni hapa," yule mama akasema, akionyesha dirishani kwa kidevu. "Hiyo wingu si ya mchezo."

Ni mimi niliyesema twende. Naandika wazi ili asilaumiwe mwingine kwa hili. Nilisema tutakuwa Isinya kabla ya saa tano, na kwamba mvua haijawahi kumla mtu.

Ilitukuta hatujamaliza saa moja barabarani. Haikuanza kwa manyunyu. Ilikuja ikiwa nzima, pamoja na upepo wa usoni, na baridi ile ya uwanda ambayo mtu wa mjini haijui. Lami ikawa mto mwembamba. Blekimamba iliyolowa breki zake hazishiki, na pedali unazisukuma kana kwamba umefungiwa gunia la mchanga nyuma. Tulikuwa na nailoni moja tu, tukawa tumefunikia mikoba.

Mwanzoni Ndolo alitania. Alisema sasa kaptura zake zimefanyiwa majaribio rasmi. Kisha mizaha ikapungua. Kisha akasimama, akaingiza mkono katika mfuko wa jaketi, akatoa bahasha ya dawa zake, vile vidonge unavyopewa zahanati katika karatasi ya kaki. Hakukuwa na vidonge. Kulikuwa na uji mweupe uliochanganyika na karatasi. Alituangalia sote wawili, kisha akaiinua bahasha mdomoni akailamba, karatasi na yote.

Lemayian alifungua shuka yake kiunoni, akaikamua, akamvika Ndolo mabegani na kuikaza kifuani kwa fundo. Shuka iliyolowa bado inazuia upepo. Alifanya hivyo bila kuulizwa, naye akabaki na fulana na ile kaptura. Mkumbuke jambo hili mnapomhukumu.

Njia ya ng'ombe

Tulikuwa tukikokota baiskeli sasa. Ndolo alikuwa akitembea hatua kumi na kusimama, hatua kumi na kusimama, ameinama, mabega yakipanda hadi masikioni. Mluzi wa kifua chake niliusikia juu ya mvua. Magari hayakuwapo kabisa, na tulishangaa kwa nini.

Tukasimama mahali ambapo njia ya ng'ombe inaiacha lami. Ndolo aliegemea tandiko la baiskeli yake. Hakutania. Maneno ya Mama Mwende yalinijia, akinyamaza ujue, nami nikayasikia vizuri kabisa.

"Si hapa ndipo ile boma ya jana?" nikamuuliza Lemayian.

Alijitazama. Ile kaptura ilikuwa imelowa hadi imekuwa kama hakuvaa kitu, na mapaja yake yalikuwa matupu, yana matope. Akaitazama shuka yake mgongoni mwa Ndolo, kisha akatazama pembeni.

"Wamehama," akasema. "Walienda na ng'ombe. Hakuna mtu."

Nikainua macho. Hatua mia mbili kutoka tuliposimama, juu ya ile nyumba, moshi ulikuwa ukitoka. Haukuwa moshi wa majivu yaliyosahauliwa. Ulikuwa mweupe, mzito, wa moto ulioongezwa kuni muda huohuo.

Lemayian aliuona. Aliniona nami nikiuona. Macho yetu yalikutana, na katika macho yake niliona kijana anayeniomba nisiseme.

"Isinya si mbali," akasema kwa sauti ndogo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema kitu. Ningeweza kumshika Ndolo mkono, nikampeleka mimi mwenyewe, Lemayian abaki barabarani na aibu yake. Ingechukua dakika tano. Lakini nilikuwa nimelowa, nimekasirika, nataka kufika. Nilijiambia mambo ya wakwe za watu hayanihusu. Na niseme ukweli wote: pale pale, kunyamaza kulionekana kwangu kuwa ni adabu. Tulikuwa tumemtania siku nzima juu ya jambo hilo. Sikutaka kumwaibisha zaidi.

Ndolo alinitazama, anangoja niamue, kwa sababu mimi ndiye mtu mzima.

"Twende," nikasema.

Maji

Tulielewa kwa nini hakukuwa na magari tulipofika bondeni. Barabara iliingia ndani ya maji ya kahawia na kutokea ng'ambo, mbali, na katikati yalipita matawi, mizizi na mzoga wa punda. Upande wetu kulikuwa na lori moja. Lilikuwa limejaribu kugeuka, magurudumu ya nyuma yakazama matope hadi nusu. Nyuma limejaa mbuzi, wote wanalia.

Mwenye lori aliitwa Hassan, mfanyabiashara wa mifugo, mtu mnene wa makamo, mwenyeji wa Garissa. Alifungua mlango kabla hatujamwomba. Alimshika Ndolo kwapani akampandisha mbele, kisha akavua koti lake mwenyewe.

"Asilale! Mwekeni akae. Ndugu yangu yuko na hii ugonjwa, ukimlaza unamuua."

Alimnywesha chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, kidogo kidogo, kwa kifuniko. Alitutazama sisi wawili tunaotetemeka chini ya mlango.

"Gari yenu iko wapi?"

"Hatuna gari. Tumetoka Kajiado na baiskeli."

"Nani amewatuma?"

"Hakuna."

"Hakuna?" Alijaza kifuniko tena. "Kwa hii mvua? Mnatembea tu, kwa raha?"

Nilipanda kumshikilia Ndolo.

Chai ilimpa Ndolo nafuu ya robo saa, kisha kifua kikafunga zaidi. Midomo yake ikawa rangi ya wino. Lori halitoki, maji hayapungui. Lemayian alisimama akiangalia yale maji, kisha akaikamata baiskeli yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na upepo wa kutosha.

"Narudi Kajiado nitafute trakta. Nitarudi."

Akaenda. Nilimwona akipotea ndani ya mvua, amesimama juu ya pedali, miguu mitupu, bila shuka. Alipaswa kupita pale kwenye njia ya ng'ombe tena. Sijawahi kumuuliza alipita vipi.

Nilikaa upande mmoja wa Ndolo, Hassan upande mwingine, tumemshikilia wima katikati yetu kama anayesafiri nasi. Mbuzi walilia bila kupumzika. Ule mluzi, ile redio yake, ulipungua sauti, na mimi mjinga nikafurahi, nikadhani anapona. Hassan ndiye aliyeelewa. Alianza kusali polepole kwa Kiarabu.

Ndolo aliongea mara moja tu. Kila neno alilivuta kwa mabega.

"Suruali ya pasta... bado zipu."

"Utaitia kesho," nikamwambia.

Alitikisa kichwa, sikujua anakubali au anakataa. Baada ya hapo alinishika kidole gumba, hakukiachia. Kwa saa moja nzima nilimhesabia pumzi. Nilifika mahali nikahesabu moja, nikangoja inayofuata, nikangoja, na Hassan akanyoosha mkono akamfumba macho. Akasema yale wanayosema wao mtu akifa. Kisha akashuka, akafunga mlango polepole, akasimama nje kwenye mvua ili aniache peke yangu na rafiki yangu. Nililia kwa sauti. Sikujali mbuzi wala watu.

Trakta ilikuja kama saa kumi, ya mwenye shamba mmoja karibu na Kajiado. Lemayian alikuwa amekaa juu ya bampa yake. Aliruka chini kabla haijasimama, akakimbia hadi mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshamfunika Ndolo uso kwa ile shuka. Lemayian aliiona shuka, akasimama hapo hapo, maji yakimchuruzika kidevuni.

Baadaye, maji yalipopungua na tukapata pikapu, nilitaka kumrudishia shuka yake kwa sababu alikuwa akitetemeka vibaya. Aliikataa.

"Mwachie," akasema. Kisha, tukiwa tumefika karibu na taa za Kitengela, akanigeukia. "Wewe ndio mkubwa wetu, Mwalimu. Mbona hukunikatalia?"

Kitengela hadi njia ya ng'ombe

Mambo ya polisi na ya chumba cha maiti nayaruka. Mazishi mlikuja. Suruali ya pasta niliikuta juu ya cherehani, zipu imefungwa kwa pini tayari kushonwa.

Jambo ambalo hamlijui ni kwamba wiki mbili baada ya mazishi nilichukua baiskeli nikarudi. Peke yangu, kwa jua, kwa suruali ndefu. Kulikuwa na kitu kinanisumbua. Nilitaka kusikia kwamba ule moshi ulikuwa wa mchungaji aliyepita tu, kwamba kweli walikuwa wamehama, kwamba hata kama tungekwenda tusingepata mtu. Nilikuwa nimekwenda kutafuta uongo wa kulalia.

Niliiegemeza baiskeli kwenye uzio wa miiba. Akatoka mama mmoja mrefu, mkavu, mwenye shanga chache shingoni.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia; yeyo ndiyo mama, kwa Kimaasai kidogo ninachokijua.

"Iko," akaitikia. Alinitazama, akaitazama baiskeli. "Wewe ni ule wa siku ya mvua."

Alikuwa ameshapata habari kutoka kwa binti yake. Alinipa pole, akaniinamisha kuingia ndani, akaniketisha karibu na moto. Nyumba ilikuwa na joto hata mchana ule. Niliangalia mahali ambapo Ndolo angekaa, pale kwenye kitanda cha ngozi, amejiegemeza ukutani, wima, karibu na moto.

"Ulikuwa hapa siku ile, yeyo?"

"Nilikuwa. Niliona nyinyi kutoka mbali. Baiskeli tatu." Kiswahili chake kilikuja polepole, akichagua maneno kama anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni. "Niliona shuka ya mume ya Nasieku, ile nyekundu, amepita nayo jana yake. Yule wa shuka anatembea vibaya. Anasimama. Anainama. Nikasema, mume ya mtoto wangu anaumwa."

Siku ile alidhani Ndolo ni mkwewe.

"Nikaweka kuni mingi. Nikaweka chai, maziwa yote ya asubuhi. Nikatandika ngozi. Halafu nikasema, huyu hawezi kuingia kama mimi niko. Ataogopa. Ataona aibu. Nikatoka."

"Ulitoka ukaenda wapi?"

Alionyesha kwa mkono kupitia mlangoni. Kando ya nyumba kulikuwa na zizi la mbuzi, la miiba mitupu, halina paa wala ukuta.

"Hapo. Nikageuka nikapatia nyumba mgongo, ndio yeye akikuja asione mimi, na mimi nisione yeye. Nikasema akishakuwa ndani atapata moto, atapata chai. Nyumba ni yake, mimi siko." Alinimiminia kikombe. "Nikangoja kusikia baiskeli. Sikusikia."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Mama huyu, ambaye tulisema amehama, alikuwa ametuachia nyumba yake nzima na moto wake, akasimama ndani ya mvua ileile iliyokuwa ikimuua Ndolo. Aibu aliyoiogopa Lemayian alikuwa ameshaiondoa mlangoni. Hakukuwa na chochote kati yetu na moto ule isipokuwa mimi kufungua mdomo.

"Na nyinyi," akauliza, bila ukali wowote, "hamkuona moshi?"

Ningeweza kumwambia mvua ilikuwa nyingi. Angeniamini.

"Tuliuona, yeyo."

Alisogeza kuni motoni. Kisha akasema nisimwambie mume wa Nasieku kwamba yeye alikuwa ametoka nje. Akasema kijana ataumia bure, tayari ameumia. Nikamkubalia. Nikamaliza chai, nikamshukuru, nikapanda baiskeli.

Nilikaa na ahadi hiyo siku tisa. Kisha nikaona kwamba nilishamnyamazia Lemayian mara moja kwa ajili ya kumsitiri, na mnajua kilichotokea. Nimevunja neno langu kwa mama mtu mzima, na nitakwenda kumwambia hivyo mwenyewe. Karatasi hizi, kabla hazijafika kwenu, zilianza kwa Lemayian.

Alizisoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake, hadi ukurasa huu, wakati huo ukiishia pale nilipopanda baiskeli. Mteja aliingia kuulizia dawa ya kupe, akamwambia arudi baadaye. Alizikunja vizuri, akazilinganisha pembe. Nilingoja anilaumu, au alie, au anifukuze. Aliniuliza swali moja tu.

"Alisimama huko kwa mbuzi mpaka saa ngapi?"

Nami nikamwambia kama mama alivyoniambia mlangoni nilipokuwa naondoka, maneno ambayo nilikuwa nimeyaacha, sikutaka kuyaandika: kwamba hakugeuka kutazama nyumba hata mara moja, alikuwa akitazama moshi tu jinsi unavyopita juu ya kichwa chake, na alisimama mpaka ukaisha.